Shimo Chini ya Mkeka

Kenani, wilayani Nchelenge nchini Zambia, ni mahali watu walipofika wakiwa wameacha karibu kila kitu. Mwaka 2017 maelfu walivuka mpaka kutoka pande za Pweto na Moba wakikimbia vita, wakapokelewa hapo kabla ya wengi kuhamishiwa Mantapala. Walikuja na Kiswahili chao cha Kongo. Magharibi zaidi ya huko walikotoka, ng'ambo ya Ziwa Mweru, ndiko iliko nchi ya Waluba, na ni hadithi ya Waluba ninayotaka kuanza nayo, maana sijui nyingine inayoonyesha vizuri zaidi mtu anavyoangamizwa na mchezo.

Nkongolo Mwamba alikuwa mfalme mwenye ngozi nyekundu na roho ngumu. Dada yake alimzalia mpwa, Kalala Ilunga, kwa mwindaji mgeni aitwaye Mbidi Kiluwe. Matoleo ya hadithi hii ni mengi, lakini katika baadhi yake mjomba na mpwa wanapimana michezoni, na mjomba anashindwa mbele ya watu. Fedha haikuwekwa. Dau lilikuwa heshima ya mfalme, naye hakuweza kuinuka na kusema leo basi. Akachimba shimo, akapanda mikuki ncha juu, akalifunika kwa mkeka, kisha akamwalika kijana aje acheze ngoma juu yake. Mpiga ngoma ndiye aliyemwokoa: aligeuza mdundo ili kumwonya, Kalala akaelewa, akakimbia hadi ng'ambo ya Lualaba. Aliporudi na jeshi, kichwa kilichokatwa kilikuwa cha Nkongolo.

Vijana wa Tanzania huiita tiketi ya kubeti mkeka. Jina hilo halikutoka Uluba, lakini kila nikilisikia nakumbuka kilichokuwa chini ya ule mwingine.

Walunda wa Mwata Kazembe, jirani wa kusini wa Nchelenge, nao wana undugu na simulizi hiyo, kwani chimbuko lao kwa Mwata Yamvo, mfalme mkuu wa Walunda, linamtaja Chibinda Ilunga, mwana wa ukoo wa kifalme wa Kiluba. Na ni kwa Kazembe ambako Livingstone, mwaka 1867, alimkuta mfanyabiashara Muhammad bin Saleh. Misafara ya watu kama yeye ndiyo iliyoleta Kiswahili kwenye ziwa hili, na ndani ya Kiswahili hicho limo neno kamari, lililotoka katika Kiarabu.

Lakini mcheza kamari aliyevuliwa nguo zote na watunzi ni wa India. Katika Mahabharata, Yudhishthira, mfalme asiyesema uongo, anaitwa kucheza dadu na Shakuni, mjanja wa mchezo huo. Anapoteza hazina, anapoteza ufalme. Anawaweka ndugu zake mmoja mmoja, kisha anajiweka mwenyewe, na mwisho anamweka Draupadi, mke wao. Draupadi hakuwapo wakati dadu zinarushwa. Anaburutwa kwa nywele hadi ukumbini, na hapo anauliza swali ambalo wazee wote wanashindwa kulijibu: kama mume wangu alikwisha kujipoteza yeye kwanza, mimi aliniweka dau kwa haki gani? Hata Bhishma, mjuzi wa sheria, anababaika. Kinachonitisha zaidi ni kinachofuata. Yudhishthira na ndugu zake wanarudishiwa kila kitu. Kabla hawajafika nyumbani wanaitwa tena, na Yudhishthira anarudi kucheza. Safari hii dau ni miaka 12 msituni na mmoja wa kujificha.

Nadhani swali la Draupadi linatosha kuwapima wachezaji wote waliomfuata Yudhishthira. Hermann, askari katika hadithi ya Pushkin ya mwaka 1834, mwanzoni hachezi kabisa. Hukaa usiku kucha akitazama karata za wenzake. Akisikia kwamba bibi kizee fulani anajua karata tatu za ushindi, anamdanganya binti anayelelewa na bibi huyo kwamba anampenda ili apate kuingia nyumbani, kisha anamwelekezea bibi bastola hadi anakufa kwa hofu. Tatu inashinda, saba inashinda, na pale alipotarajia ree mkononi mwake anatoka bibi wa shupaza. Hermann anaishia hospitali ya vichaa. Dostoevsky aliandika riwaya yake ya mcheza kamari mwaka 1866 kwa siku 26, akimtamkia msichana Anna Snitkina maneno ayaandike, kwa sababu alikuwa na madeni na mkataba uliokaribia kumnyang'anya haki za vitabu vyake. Mwaka uliofuata alimwoa Anna, na huko Baden-Baden akaweka rehani vito na nguo za mkewe ili arudi mezani. Aliyajua vyema aliyoyaandika, na kuyajua hakukumzuia.

Ninayemrudia mara nyingi ni Fugui, katika riwaya ya Yu Hua wa China iliyotoka mwaka 1993. Ni mtoto wa tajiri anayemaliza shamba la ukoo kwa Long'er, mchezaji wa ulaghai. Baba yake anaweka ardhi rehani na kubadili fedha kuwa sarafu za shaba, kisha anamwamuru azibebe begani mwenyewe hadi mjini, safari baada ya safari, mpaka bega linachubuka, ili mwili wake ujue uzito wa kilichopotea. Muda si mrefu baba anakufa. Mapinduzi yanapofika, Long'er anapigwa risasi kama mwenye ardhi, kwa ardhi ileile ya Fugui.

Wasomaji wengi hushika mzunguko huo wa bahati. Mimi hushika usiku mmoja wa kabla yake, ambapo Jiazhen, mkewe Fugui, anakuja kwenye nyumba ya kamari akiwa mjamzito na kupiga magoti mbele ya meza, akimwomba warudi nyumbani. Huo ndio ulikuwa mdundo wake. Fugui anampiga na kuagiza atolewe nje. Kisha anaendelea kucheza, na Jiazhen anashika njia peke yake gizani, na mimba yake, kurudi kijijini.