Boya, Chelezo na Amari: Msamiati wa Kufunga Chombo Ukitazamwa kutoka Kwai



Mtu wa Kwai, katika milima ya Usambara, yapata mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ana haki gani ya kusimama mbele yenu na kuzungumzia jinsi mashua inavyofungwa kwenye boya? Swali hili niliulizwa na mwenzangu mmoja wa Pangani, wala hakuwa akitania. Jibu langu ni kwamba Kwai nilimsikia mgeni aliyekawia akiambiwa kuwa "ametia nanga" kabla sijapata kuiona bahari kwa macho yangu. Neno lilinitangulia kuliko kitu. Njia iliyolipandisha neno hilo mlimani ina historia, nayo ndiyo nitakayoijadili.

Tuanze na kitendo chenyewe, kwani maneno ya kazi hayaeleweki bila kazi. Nahodha wa mashua ndogo haliendei boya huku upepo ukimsukuma kutoka nyuma. Hulizunguka kwanza, kisha hulijia kutoka chini ya upepo, omo ikiuelekea upepo. Na pale mkondo wa maji unapokuwa na nguvu kuliko upepo, omo huuelekea mkondo. Demani hulegezwa au foromali huteremshwa mapema, chombo kikapungua mwendo, na mtu aliyeko omo hulidaka boya kwa mkono au kwa mti wenye kulabu. Kamba hupitishwa katika pete ya boya, ikarudishwa chomboni na kufungwa omo, kamwe si tezi: mashua iliyofungwa kwa tezi huyapokea mawimbi kwa ubavu wake mpana wa nyuma, na maji huingia. Lililo gumu zaidi halionekani. Mnyororo ulio chini ya boya sharti uwe na urefu uliopimwa, kwa kuwa katika pwani ya Tanga maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Ukiwa mfupi, boya huzama maji yakijaa. Ukiwa mrefu kupita kiasi, chombo huzunguka kikagonga cha jirani.

Sasa tuyatazame majina. Boya kwa kawaida huhusishwa na boia la Kireno, na nasaba hiyo inakubalika kirahisi: Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593 wakaipoteza mwaka 1698, na nyuma yao wakaacha meza, bendera na leso. Lakini hapa wengi wetu huharakisha kuhitimisha kwamba kabla ya Mreno Mswahili hakuwa na kitu hicho. Kiswahili kina chelezo, neno lililochipuka katika kitenzi kuelea, na linalotaja kitu kilichowekwa kielee juu ya maji, kiwe cha kuonyesha ilipo nanga au nyavu. Neno hilo halikuazimwa kwa yeyote. Jina moja limetoka kwa mgeni na jingine kwa mwenyeji. Yote mawili yameishi bega kwa bega, na moja halithibitishi kutokuwapo kwa jingine.

Nanga, nayo, hurejeshwa kwenye langar la Kiajemi, safari moja na bandari. Ni vyema ikumbukwe kwamba mabaharia waliitofautisha na baura, nanga ya Kizungu yenye makucha mawili, hali nanga ya kienyeji huwa na makucha manne. Ama amari, yaani kamba ya nanga, hufanana mno na amarra la Kireno. Je, tuseme ni la Kireno? Mimi nasita. Kufanana peke yake si ushahidi, hasa katika bahari ambamo Mwarabu, Mreno na Mhindi walisafiri wakisikilizana.

Nami nina mfano wa nyumbani wa hatari ya kufanana. Katika Kiswahili cha pwani kilindi ni maji ya kina kirefu. Watawala wa Usambara waliitwa Wakilindi. Mtu mwenye haraka angeweza kuwatungia Wakilindi asili ya baharini! Lakini Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, kinamtaja Mbega, mwasisi wao, kuwa mwindaji aliyetoka Kilindi katika nchi ya Nguu, bara kabisa.

Hata hivyo, uhusiano wa Wakilindi na pwani ulikuwa wa kweli, ila haukuwa wa nasaba bali wa mamlaka. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alitawala kutoka Vuga, na madiwani wa miji ya pwani walimhitaji yeye pamoja na Sultani wa Unguja ili wathibitishwe. Krapf alifika kwake mwaka 1848 na tena 1852. Burton na Speke wakapanda mwaka 1857 wakitokea Pangani. Wajumbe wakishuka na kupanda, nguo zikienda juu na tumbaku ikienda chini, maneno hayakuhitaji pasi ya kusafiria. Kwa hiyo nakataa dai kwamba Kiswahili kililetwa milimani na Wajerumani pamoja na shule zao.

Wajerumani walileta mengine. Mwishoni mwa karne ya 19 waliianzisha Kwai shamba la serikali la kujaribia mifugo na mazao ya Ulaya. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kutokana na hiyo yakaota mashamba ya Tanga na Pangani. Hapo ndipo kamba ilipobadilika. Kamba ya kale ya vyombo ni ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, ambayo huelea na kustahimili maji ya chumvi. Ya katani ni zao la shamba kubwa na la nguvukazi. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, wanaume wa Kishambaa walipewa kadi zilizowalazimu kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi 4. Neno kipande, pale kwetu, halikuwahi kumaanisha kipande cha kitu tu. Wazee walilitamka kwa sauti ya chini.

Reli ya Usambara ilifika Mombo mwaka 1905. Tangu hapo mtu wa mlimani aliweza kushuka Tanga na kuyaona maneno yake yakielea: meli zimetia nanga katikati ya ghuba, matishari yakienda na kurudi, mashua zimefungwa kwenye maboya. Matishari hayo yaliendelea kuzihudumia meli kubwa kwa zaidi ya karne, hadi gati lilipopanuliwa na meli kuanza kufunga gatini katika miaka ya 2020.

Na chelezo? Nilipowauliza wavuvi vijana katika ufuo mmoja wa Tanga, boya walilijua, tena kwa maana mbili, kwani mitaani boya ni mtu asiye mjanja. Chelezo hawakulijua. Mbele yetu ngalawa ilikuwa imefungwa kwa kamba ya nailoni kwenye dumu tupu la mafuta ya kula, kifuniko kimekazwa barabara. Mzee aliyekuwa akishona nyavu pembeni aliinua kichwa, akalinyoshea kidole dumu lile, akasema, "Mwalimu, chelezo si hilo?" Nikaliandika katika daftari langu, pamoja na tarehe.