Kutoka Minyororoni hadi Karakana

Pakizungumzwa habari ya kuwafundisha ufundi watu waliotoka gerezani, au ndugu zetu wenye ulemavu, kwa fedha za wafadhili wa mbali, wengi wetu hapa Kalemie hudhani kwamba jambo hilo lilianza juzi, pamoja na mashirika yenye magari meupe. Sivyo. Kwenye mwambao huu wa Ziwa Tanganyika jambo hilo lina umri mkubwa kuliko mji wenyewe. Kapteni Jules Jacques alipoanzisha ngome ya Albertville mwaka 1891, kule Mpala, kusini kwetu, walikuwako tayari watu waliofunguliwa minyororo wakijifunza kulima, kujenga na kuchonga mbao, na gharama yao ililipwa kwa sadaka zilizokusanywa katika makanisa ya Ulaya. Tumeona vema kuisimulia habari hiyo, kwa sababu maswali iliyoyazua bado yamo mikononi mwetu.

Mpala haikuanza kama misioni. Mwaka 1883 afisa Mbelgiji Emile Storms aliijenga kuwa ngome ya Shirika la Kimataifa la Afrika, lile alilolianzisha Mfalme Leopold II mwaka 1876. Mwaka 1885, mfalme alipogeuzia macho yake upande wa mto Kongo, ngome hiyo pamoja na ile ya Karema, ng'ambo ya ziwa, zilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Mwaka 1887 akafika Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, ili awalinde wakazi dhidi ya wawindaji wa watumwa. Akaoa huku, akazeeka huku, na huku huku akafa mwaka 1927.

Wakazi wa Mpala, na wa Kibanga upande wa kaskazini, walikuwa kina nani? Baadhi yao walikuwa wenyeji waliokimbilia ulinzi. Wengine, hasa watoto, walikuwa wamekombolewa: mapadre waliwatoa mikononi mwa wafanyabiashara kwa kulipa bidhaa. Kukomboa kulitaka mali, na baada ya kukomboa kulikuwa na kulisha, kuvisha na kufundisha. Mali hiyo haikutoka ziwani. Ilitoka kwa Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambamo watoto wa Ulaya walitoa vijisenti kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Ilitoka pia kwa kampeni kubwa ya Kardinali Charles Lavigerie, aliyehubiri Paris, London na Brussels katika majira ya joto ya mwaka 1888 akieleza maovu ya biashara ya watumwa katika nchi zetu. Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa faranga 300,000. Tena tarehe 20 Novemba 1890, kwa waraka wake Catholicae Ecclesiae, aliagiza kwamba kila mwaka, siku ya Epifania, ikusanywe sadaka kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba huo ulikuwa mfuko wa ruzuku, wenye wafadhili, wasimamizi na walengwa.

Walengwa walipata nini? Walipata kwanza uhai, na hilo si dogo. Kisha walipata kazi za mikono. Baudouinville ilipoanzishwa mwaka 1893, mahali tunapopaita leo Kirungu, chini ya uongozi wa Victor Roelens ambaye baadaye alikuwa askofu, mafurere waliwafundisha vijana uashi na useremala, na majengo ya misioni yakainuka kwa matofali yaliyofyatuliwa na kuchomwa papo hapo. Katika mazingira hayo ya shule na kazi alikulia Stefano Kaoze, aliyepewa daraja ya upadre mwaka 1917, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi kuipokea, na aliyefariki hapa kwetu Albertville mwaka 1951.

Lakini historia isiyo na kivuli si historia. Mtoto aliyekombolewa alikuwa huru mbele ya mfanyabiashara. Mbele ya misioni hakuwa huru sana. Padre ndiye aliyemgawia shamba, aliyepanga saa zake za kazi, na mara nyingi aliyesimamia ndoa yake. Dola Huru ya Kongo iliupa mpango huo nguvu ya sheria: amri ya mwaka 1890 iliiweka serikali kuwa mlezi wa watoto waliokombolewa au kuachwa, na ya mwaka 1892 iliruhusu mashirika ya dini na ya hisani kupewa ulezi huo. Ulezi ni neno zuri. Hata hivyo Tume ya Uchunguzi, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 1905, ilikuta kwamba katika vijiji vya misioni vya Wayesuiti upande wa Kwango watoto wengi walioitwa yatima walikuwa na ndugu zao, na kwamba walifanyishwa kazi bila uhuru wa kuondoka. Kwango si Tanganyika, wala hatutaki kuwatwika mapadre wa ziwani makosa ya wengine. Sheria, lakini, ilikuwa moja, na kishawishi kilikuwa kimoja: anayelipia mafunzo hujiona ana haki juu ya mwenye kufunzwa.

Kuna mtu mmoja ambaye kwake fedha hizo zilizaa matunda kuliko pengine popote. Adrien Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 katika nchi za Timbuktu. Akiwa mtoto aliibwa, akauzwa, akavushwa jangwa, hata Mapadre Weupe wakamkomboa huko Algeria. Lavigerie alikuwa amefungua mwaka 1881, kisiwani Malta, taasisi ya kuwafundisha vijana Waafrika waliokombolewa wawe waganga makatekista. Hesabu yake ilikuwa hii: mganga hupokelewa kila mahali, na kazi yake humlisha yeye na nyumba yake bila kumtegemea mzungu. Alitaka pia vijana hao waendelee kuishi Kiafrika, katika chakula na mavazi, ili wasiwe wageni kati ya watu wao. Atiman akasoma utabibu huko Malta kwa miaka kadhaa, na mwaka 1889 akafika Karema, ng'ambo ya ziwa letu. Alimwoa Agnes Wansahira, na mtoto wao Joseph akawa padre mwaka 1923. Atiman aliwatibu watu wa Karema mpaka alipofariki, Aprili 1956. Hesabuni: miaka 67.

Tunapenda kusimama hapa kidogo, maana sifa za Atiman husimuliwa sana bila kuulizwa zilivyowezekana. Hakuwa mwanafunzi pekee wa Malta, na taasisi yenyewe ilifungwa mwaka 1896. Hatuwezi basi kusema kwamba mpango wote ulifaulu. Kwa Atiman mambo kadhaa yalikutana. Alifundishwa kwa ukamilifu, si kwa haraka ya kupata cheti. Alipomaliza, palikuwapo kituo kilichomngojea, pamoja na dawa na wagonjwa. Tena aliachwa afanye kazi aliyojifunza, hakurudishwa shambani. Wafadhili waliotia faranga katika kapu hawakumjua, wala hawakuletewa ripoti kila miezi mitatu. Walilipia mwanzo wa njia, na wenzake wa Karema wakamlindia sehemu iliyobaki.

Sasa tugeukie gereza. Reli kutoka Kabalo ilipofika Albertville mwaka 1915, mji ulikua kwa bandari na karakana, na kama kila mji wa kikoloni ulikuwa na gereza lake. Gereza la enzi hizo lilijua kazi, ila kazi ya kuadhibu: barabara, mitaro, nyasi, mizigo, na kiboko ambacho magerezani hakikufutwa hadi mwaka 1959. Baada ya uhuru, amri nambari 344 ya tarehe 17 Septemba 1965 iliweka utaratibu wa magereza ya Kongo, na ndani yake kazi ya mfungwa ina nafasi yake. Hata hivyo kijana anayetoka leo gerezani hutoka mara nyingi na kitu kimoja tu, yaani jina la kuwa ametoka huko. Wengine wametoka bila hata kuhukumiwa, maana magereza ya nchi yetu yamejaa watu wanaongoja kesi. Wakati mtumwa aliyekombolewa aliitwa maskini wa Mungu na kukusanyiwa sadaka, aliyefunguliwa gerezani huitwa mwizi, hata kama mahakama haikusema neno.

Kwa watu wenye ulemavu hadithi ni nyingine. Karakana za kwanza zilitafuta mikono na miguu yenye nguvu, na aliyepooza kwa polio aliachwa mlangoni pa kanisa kupokea sadaka. Mabadiliko yalikuja polepole, na mara nyingi kwa nyumba za Kanisa, kama kituo cha Heri Kwetu huko Bukavu, ambako watoto hutibiwa viungo na pia kusoma na kufundishwa kazi. Tuseme pia kwamba si kila ujuzi ulingoja mfadhili. Huko Kinshasa, kwenye bandari iitwayo Beach, watu wenye ulemavu walijijengea kwa miaka mingi biashara yao ya kuvusha bidhaa kati ya Kinshasa na Brazzaville, wakiwa juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu, wakitumia nafuu ya nauli na ushuru waliyoachiwa. Hawakupewa semina. Walijipanga, wakatetea nafasi yao, wakalisha watoto wao.

Katika mambo ya sheria, mlemavu leo ana pa kushika. Katiba yetu, kifungu cha 49, inamtambua; Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu; na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imekuja kueleza haki hizo kwa urefu. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma na Tanzania nzima, marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yanazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utekelezaji ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro, ukarudi mwaka 2024. Ni mkopo, si zawadi, lakini unatoka katika kodi ya soko la pale pale, na mwananchi anaweza kuudai. Kwetu Kongo tunayo INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, ambayo hulipiwa na michango ya waajiri. Nayo pia si sadaka ya mgeni. Katika hesabu ya Tanzania, aliyetoka gerezani hana asilimia iliyoandikwa kwa jina lake. Inambidi aingie kwa mlango wa ujana, au wa ulemavu, akifiche kifungo chake.

Kuhusu fedha za wageni, kizazi cha wazazi wenu kiliona mpango mkubwa wa kuwarudisha uraiani wapiganaji wa zamani, uliosimamiwa na Benki ya Dunia katika nchi za Maziwa Makuu kati ya mwaka 2002 na 2009. Wapiganaji walifundishwa ufundi, wakapewa vifaa. Wengi waliviuza. Watu walisema: hawa hawana shukrani. Sisi tunaona kwamba cherehani katika kijiji kisicho na mteja ni chuma tu, na mwenye njaa hula chuma chake. Mafunzo ya miezi michache, mahali ambapo viwanda vilikwisha kufungwa, hayakuwa na kituo cha Karema mwisho wake.

Ndiyo maana tunawaomba vijana wa parokia waitazame orodha ya manunuzi yao wenyewe: madawati ya katekesi, sare za kwaya, vitenge vya sikukuu, milango ya jumuiya. Fedha hizo ni ndogo, lakini hutoka kila mwaka, kitu ambacho ruzuku haifanyi. Na kabla ya kumwita fundi wa mtaa wa mbali, waulize katika kila jumuiya ndogo ni nani aliyejifunza useremala akiwa kifungoni, ni nani anayeshona akiwa ameketi katika kiti cha magurudumu, bei yake ni kiasi gani, na kama mlango wa ukumbi wetu una ngazi ngapi za kumzuia asije kuchukua vipimo.