Ngagi wa Hollywood na Ngagi wa Kahuzi

Mwaka 1930 filamu iitwayo Ingagi ilijaza kumbi za sinema huko Marekani. Matangazo yalidai kuwa hizo ni picha za kweli za msafara wa bwana mmoja wa Kiingereza, Sir Hubert Winstead, aliyepenya misitu ya Kongo ya Wabelgiji akakuta wanawake wakitolewa kafara kwa ngagi (gorila). Watu walilipa, wakaingia gizani, wakapiga mayowe, kisha wakaenda kuwasimulia jirani zao, nao wakaja kupanga foleni.

Sir Hubert hakuwahi kuzaliwa. Sehemu ya hiyo “Kongo” ilipigwa picha katika bustani ya wanyama ya Los Angeles. Mbilikimo walioonekana humo walikuwa watoto weusi wa mji huohuo, na ngagi alikuwa Charles Gemora, Mfilipino aliyekuwa bingwa wa kushona na kuvaa ngozi bandia. Palikuwa hata na mnyama mpya mwenye sumu kali, eti hajulikani na wataalamu: kobe wa kawaida aliyegundishwa mabawa, magamba na mkia. Picha nyingine zilichotwa bila ruhusa kutoka filamu ya uwindaji iliyopigwa Afrika miaka kama 15 nyuma. Mwaka 1933 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara iliwaamuru wenye filamu waache kudai kuwa ni ya kweli, lakini pesa zilikwisha kuliwa. Pengine kitu pekee kisichokuwa bandia mle ndani kilikuwa jina lenyewe, maana Wanyarwanda humwita mnyama huyo ingagi, na huku Kivu, mashariki mwa Kongo, watu husema ngagi.

Kampuni ya RKO, ambayo kumbi zake zilivuna sana kwa Ingagi, iliona njia. Machi 1933 ikatoa King Kong. Lile jitu lililopanda jengo refu la New York lilikuwa sanamu ya urefu wa sentimita 45 hivi, mifupa ya chuma iliyovikwa manyoya ya sungura, ikisogezwa kidole kwa kidole na kupigwa picha moja moja. Mngurumo wake ulitengenezwa kwa sauti za simba na chui milia zilizochanganywa na kuchezeshwa kinyumenyume.

Wakati huohuo, kusini mwa Ziwa Kivu, mji uliokuwa ukiitwa Costermansville, ambao ni Bukavu ya leo, ulikuwa ukijengwa juu ya rasi zake, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka mlima Kahuzi. Ngagi wa kweli waliishi kule juu, wakila machipukizi ya mianzi na majani, wakijitandikia vitanda vya matawi kila jioni. Mtaalamu wa Kijerumani, Paul Matschie, aliwatangaza kitaalamu mwaka 1914 kwa jina la Rudolf Grauer, Mwaustria aliyekusanya vielelezo vyao. Hakuna hata ngagi mmoja kule juu aliyeomba mwanamke.

Waliofika Kongo kweli na kamera walikuwa Martin na Osa Johnson, mume na mke Wamarekani. Mwaka 1930 waliwakamata ngagi wawili wachanga katika milima ya Alumbongo, kaskazini zaidi, waliokuja kuitwa Ngagi na Mbongo, na Oktoba 1931 wanyama hao wakatua katika bustani ya San Diego. Filamu ya safari hiyo, Congorilla, ilitoka mwaka 1932.

Mwezi huo wa Oktoba una maana yake katika biashara ya woga. Huko kaskazini mwa dunia siku zinafupika, baridi inaingia, majani yanapukutika na sikukuu ya mizimu iko mwisho wa mwezi. Watu hubaki ndani, na wenye sinema wanalijua hilo. Filamu ya John Carpenter, Halloween, iliingia sokoni tarehe 25 Oktoba 1978, na hadi leo mwezi huo ni msimu wa mavuno kwa watengenezaji wa filamu za kutisha. Bukavu haina majani ya kupukutika. Oktoba ni masika yaliyokolea, udongo wa mtaa wa Kadutu unateleza, umeme unakatika. Lakini giza ni giza, na hadithi za zimwi anayemeza watu zilisimuliwa usiku kwenye moto muda mrefu kabla ya mtu yeyote kutundika shuka jeupe ukutani. Raha yake ni ileile: moyo unakwenda mbio, mwili unaamini kuna hatari, na akili inajua kwamba mama yuko hapo pembeni na mlango umefungwa.

Mlango ukifunguka, raha inakwisha. Agosti 1967 Jean Schramme, mlowezi wa Kibelgiji, aliiteka Bukavu pamoja na mamluki wazungu na askari wa Katanga, akaishikilia hadi mwanzoni mwa Novemba huku jeshi la Rais Mobutu likiuzingira mji. Oktoba ile hakuna aliyehitaji kulipa ili aogope. Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya Dark of the Sun, ya mamluki katika Kongo inayowaka moto. Kongo yake ilipigwa picha Jamaika.

Ni baada ya vita hivyo ambapo Bukavu nayo ilianza kuuza woga wake, na kwa maoni ya mwandishi huyu, ulikuwa bora kuliko wa Hollywood. Mbelgiji Adrien Deschryver, mpiga picha, alipigania misitu ya Kahuzi na Biega ifanywe hifadhi ya taifa, na hilo likatimia Novemba 1970. Mwaka 1973 wageni walianza kupandishwa kutoka kituo cha Tshivanga kwenda kuwaona ngagi. Mbele walikwenda Batwa, wenye msitu, wakisoma mashina yaliyopinda, kinyesi kilicho moto bado, vitanda vya jana usiku. Halafu harufu kali ya jasho. Halafu dume mwenye mgongo wa mvi anatoka mianzini bila taarifa, anafoka, anajipiga kifua kwa viganja vilivyo wazi, pokopoko-poko, anang'oa vichaka, anakuja mbio na kusimama hatua chache kutoka kwa mgeni. Amri ilikuwa moja: usikimbie, chuchumaa, inamisha macho. Mara nyingi dume aligeuka, akarudi kutafuna mianzi. Mgeni alirudi mjini miguu ikitetemeka, akitaka kupanda tena kesho.

Wapiga filamu Dieter Plage na Lee Lyon walimfuata Deschryver kwa kamera miaka ya 1970, na dume aliyeitwa Kasimir akaonekana kwenye televisheni za Ulaya akiwa hana mshono wala zipu.

Hollywood haikubadilika. Riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1980, Congo, iligeuzwa filamu mwaka 1995, sehemu yake ikipigwa Costa Rica: ngagi wa kijivu wanalinda almasi za mji uliopotea na kuwaua wote wanaozisogelea. Huku nyumbani mambo yalikwenda kinyume kabisa. Dume Maheshe, kipenzi cha wageni, aliuawa na majangili mwaka 1993. Mwaka uliofuata wakimbizi kutoka Rwanda walijaa pembezoni mwa hifadhi, mwaka 1996 vita vikaingia, na bei ya madini ya koltani ilipopaa mwaka 2000 wachimbaji wakamiminika msituni wakila walichokipata. Katika filamu ngagi waliua watu kwa ajili ya madini. Kivu watu wenye bunduki waliua ngagi, na madini yakawa mojawapo ya sababu. Aina hii ya ngagi ilikisiwa kuwa 17,000 hivi katikati ya miaka ya 1990. Makisio yaliyotolewa mwaka 2016 yalikuwa 3,800.

Na Batwa? Hifadhi ilipopanuliwa mwaka 1975 kutoka kilomita za mraba 600 hadi 6,000, kufukuzwa kwao msituni kuliendelea, maelfu ya watu bila fidia. Walikwenda kuishi pembeni mwa mashamba ya wengine. Julai 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao na kwamba ardhi yao irudishwe. Hata hivyo baadhi yao waliajiriwa na hifadhi kama wafuata nyayo, kwa sababu wageni waliotaka kuogopa kwa usalama walimhitaji mtu anayejua dume gani anatisha tu na yupi amekasirika kweli.