Sio-Siteko: kinamasi kimoja, sheria mbili

Kinamasi cha Sio-Siteko kimegawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda, lakini maji yake hayagawanyiki. Uhai wake unategemea jinsi wanavijiji wa pande zote mbili wanavyokubaliana kukitumia.

Katika eneo la Busia na Tororo, mpaka wa nchi hizi mbili unafuata mito mahali pengi. Malaba inaelekeza maji yake kwenye bonde la Ziwa Kyoga, nayo Sio inaingia Ziwa Victoria. Wasamia na Wateso wanaishi ng'ambo zote mbili, kwani walikuwapo kabla ya mpaka. Hadi mwaka 1902, Uingereza ilipohamisha Jimbo la Mashariki la Uganda, upande ambao leo ni Kenya ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda.

Manufaa ya kinamasi

Kandokando ya Mto Sio, mafunjo hukatwa kwa ajili ya mikeka na mapaa, udongo hufinyangwa vyungu na matofali, na wakati wa kiangazi ng'ombe hupata malisho. Mafunjo hayo pia huchuja maji kabla hayajafika ziwani na kupunguza kasi ya mafuriko.

Hatari huanza pale kila mmoja anapochukua bila kumfikiria mwenzake. Mafunjo yanayokatwa mara kwa mara bila kupumzishwa hudhoofika. Mfereji unaochimbwa ng'ambo moja ili kupanda mpunga unaweza kushusha maji ya ng'ambo ya pili. Anayehifadhi peke yake hupata hasara mara mbili: huacha faida ya leo, na kesho hukuta kinamasi kimekauka hata hivyo.

Nani mwenye ardhi?

Nchini Uganda, kifungu cha 237 cha Katiba ya mwaka 1995 kinaiweka mito, maziwa na ardhi oevu chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inaihesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma, na inatambua pia ardhi ya jamii. Hata hivyo, mashamba mengi yanayopakana na maji yana wenyewe, na hapo ndipo migogoro huzuka.

Sheria zimewapa wanavijiji vyombo vya kusimamia ardhi wanayoimiliki kwa pamoja. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inaruhusu vyama vya ardhi ya pamoja vyenye viongozi 3 hadi 9, na angalau theluthi moja wawe wanawake. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya ya mwaka 2016 inaagiza mkutano wa watu wazima wote wa jamii uchague kamati ya wajumbe 7 hadi 15.

Makubaliano ya ng'ambo mbili

Lakini mamlaka ya kamati hizo huishia mpakani. Kwa sababu hiyo, chini ya Mpango wa Bonde la Nile, ulioanzishwa mwaka 1999, uliandaliwa mpango wa usimamizi wa kijamii wa Sio-Siteko unaozihusisha nchi zote mbili.

Mtaalamu wa Marekani Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kuwa mali ya pamoja hudumu pale watumiaji wanapojulikana, wanapotunga kanuni wenyewe, na mvunjaji anapoadhibiwa na wenzake kwa kiasi kinachostahili.

Kwa Sio-Siteko, maana yake ni msimu mmoja wa kukata mafunjo, umbali mmoja wa kulima kutoka ukingoni, na kikao kimoja cha kusikiliza malalamiko. Maana yake pia ni kipato mbadala, kama ufugaji wa nyuki au mabwawa ya samaki nje ya kinamasi, kwa sababu familia isiyo na chakula haiwezi kuambiwa tu isubiri. Kanuni ya ng'ambo moja isiyofuatwa ng'ambo ya pili huwaumiza wale wanaoitii.