Kufoka, Kusingizia, Kutenga

Anayeeleza saikolojia kwa Kiswahili, awe mshauri nasaha redioni au mwalimu wa malezi shuleni, huenda vizuri mpaka akutane na eksternalizesheni. Akiwa na haraka husema "kutoa nje" na kusonga mbele. Lakini kutoa nje nini? Nani anatoa, na kinamwangukia nani? Wataalamu wenyewe wamelibebesha neno hilo mizigo isiyofanana. Mwaka 1966 jarida moja la Marekani, Psychological Monographs, lilichapa kazi mbili zilizotumia neno hilo au ndugu zake. Julian Rotter alitaka kujua kama mtu huona maisha yake yanaendeshwa na juhudi zake au na bahati na wakubwa. Thomas Achenbach aliyagawa matatizo ya watoto mafungu mawili, ya ndani na ya nje. Mwaka huohuo wanasosholojia Peter Berger na Thomas Luckmann walitoa kitabu ambamo neno hilohilo ni namna binadamu anavyoijenga jamii kwa matendo yake, kabla ya kuiona kama kitu alichokikuta. Sioni kwa nini Kiswahili kirithi msongamano huo.

Nianze na Achenbach, maana huyu maneno yake tunayo. Fungu lake la nje lina ugomvi, wizi, utoro, ukaidi. Fungu la ndani lina hofu, huzuni, kujitenga, maumivu ya tumbo yasiyoonekana hospitalini. Sisi tuna kufoka na kufukuta. Moto unaofukuta hauna ndimi, na anayepita haujui. Kinachofoka kinamwagikia walio karibu. Wizi na utoro hauna kelele ya kufoka, nakubali, ila madhara yake nayo huwamwagikia wengine. Na jozi hii ina faida ambayo "ndani" na "nje" hazina: inamkumbusha mwalimu mwenye darasa lililojaa kwamba mtoto aliyekaa kimya nyuma anaweza kuwa anaungua. Anayefoka hupelekwa ofisini mapema. Anayefukuta husifiwa kwa adabu.

Maana ya pili ni ya Karen Horney, daktari wa akili aliyezaliwa Ujerumani na kuhamia Marekani. Katika kitabu chake cha 1945 alimweleza mtu anayeyapitia ya moyoni mwake kana kwamba yanatokea nje yake: anajidharau, lakini anachokiona ni watu wanaomdharau, ana hasira, lakini anachokiona ni dunia yenye hasira naye. Hapa wahenga walishafika: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kusingizia ndilo neno, ingawa kwa Horney mwenye kusingizia hajui kuwa anasingizia, na hilo lazima fasili ilibebe.

Lugha yetu, kwa kweli, inamrahisishia mtu kazi hiyo. Mtoto yuko jikoni, vipande vya kioo viko miguuni pake, naye anasema, "Mama, glasi imevunjika." Mama hajibu habari ya glasi, anajibu sarufi: "Imevunjika au umeivunja?" Kiambishi kidogo -ik- kimemwondoa mtendaji kwenye sentensi, na mama anamrudisha. Watu wazima wanayo yao. Mtu aliyefanya jambo baya, akiulizwa mbele ya wazee au mbele ya hakimu, husema, "Ni shetani tu alinipitia." Sentensi hii nitairudia, kwa sababu maana ya tatu inafanana nayo kwa sura na kupingana nayo kwa nia.

Maana ya tatu ndiyo ninayoipenda. Michael White alikuwa mtaalamu wa tiba ya familia mjini Adelaide, Australia. Miaka ya 1980 aliletewa watoto wanaojichafua kwa choo kikubwa, wakiwa wamepita umri wa kujichafua. Wazazi wamechoka, mtoto ana aibu, nyumba nzima imegawanyika. White hakuuliza mtoto ana kasoro gani. Aliligeuza tatizo kuwa kiumbe chenye jina, tuseme Mavi Mjanja, kisha akamuuliza mtoto: Huyu Mjanja hukuvizia saa ngapi? Amekuharibia nini shuleni? Amemfanya mama ajione vipi? Halafu swali zito zaidi: ni lini alijaribu kukunyemelea ukamshinda? Mtoto aliyeingia kama mshtakiwa anaanza kusimulia vita ambamo yeye ni askari, na wazazi wako upande wake. Mwaka 1990 White na mwenzake David Epston wa New Zealand waliitandaza njia hiyo kitabuni. Msingi wake ni kwamba mtu siye tatizo. Tatizo ndilo tatizo.

Kwa jambo hili napendekeza kutenga: kumtenga mtu na shida yake. Na angalia jinsi Kiswahili kilivyo tayari nusu ya njia. Mara nyingi hatusemi sisi ndio wenye kutenda hisia zetu. Zenyewe ndizo zinazotutenda. Njaa inaniuma. Usingizi umemchukua. Hasira zimempanda, hofu imemwingia, aibu imemshika. Hisia ndiyo kiima, mtu ni shamirisho, na kinachopanda hushuka. Nusu nyingine ya njia ndipo tunapoumiza. Mtoto anayekojoa kitandani tunamwita kikojozi. Neno moja, na shida imekuwa yeye. Wenzake humwimbia, wageni huambiwa, naye hujitambulisha hivyo moyoni mpaka anakua. Ukisema "mkojo unamvizia usiku" umesema habari ileile ya godoro, lakini umemwachia mtoto nafasi ya kusimama pembeni ya shida na kuitazama.

Mwambao wa Afrika Mashariki una mazoea ya zamani yaliyolijua jambo hili kwa njia yake. Katika uganga wa pepo, aliyepandwa huitwa kiti. Mganga husema na aliyekaa juu ya kiti: Wewe nani? Umetoka wapi? Unataka nini? Pepo hutaja jina, hutaka ubani, manukato au nguo ya rangi fulani, na wenye mgonjwa hujadiliana naye. White hakuitoa njia yake huko. Aliwasoma wanafikra Gregory Bateson na Michel Foucault. Wala maswali yake si upungaji, maana mtoto wa Adelaide ndiye anayejibu, na anajua kuwa Mjanja ni jina lililotungwa mezani. Hata hivyo neno kiti lina heshima ambayo sijaiona katika istilahi nyingi za hospitali. Kiti si kibaya kwa sababu ya aliyekikalia.

Sasa yule wa shetani alinipitia. Tuseme amempiga mkewe. Je, huyu naye hajatenga? White na Epston waliliona shimo hili mapema, na katika kitabu kilekile White aliandika kwamba kwa mtu mkatili hapendelei kuutenga ukatili wenyewe. Hutenga imani na mitazamo inayoulisha. Tofauti iko kwenye swali linalofuata. Kwa mbaazi, jua likishalaumiwa mazungumzo yamekwisha. Kwa mtoto wa Adelaide, Mjanja akishapata jina kazi ndiyo imeanza, na kazi hiyo ni ya mtoto. Basi mshauri aliyeielewa kutenga hatabishana na mume juu ya shetani, wala hatamkubalia. Atamuuliza ni nani alimfundisha kwamba mwanamume akijibiwa ameshushwa, alilisikia wapi kwanza, limemgharimu nini nyumbani, na mkono ule, siku ile, ulikuwa wa nani.