Ngano, Makaa na Picha za Timau

Timau, mji wa Kaunti ya Meru kwenye miteremko ya Mlima Kenya, huwa na baridi kati ya Juni na Agosti. Wamaasai waliolisha mifugo nyanda hizi walihamishwa mwaka 1911 hadi 1913, walowezi wakapewa ardhi, na ngano ikaenea. Kuhamishwa huko kulikuwa dhuluma, na historia ya mkate wa hapa haikamiliki bila kuitaja. Majumbani keki za unga wa ngano huokwa hata pasipo tanuri: sufuria huinjikwa juu ya jiko la makaa, makaa mengine yakatandazwa juu ya kifuniko, moto ukapika pande zote mbili. Picha za Mlima Kenya nazo zilitangulia ngano ya hapa: mwaka 1899 Campbell Hausburg aliupiga picha mlima huo katika msafara wa Halford Mackinder, aliyefika kilele cha Batian Septemba 13.