Cheti, Kazi na Walimu wa UPE

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma ikapitisha mambo mawili ambayo aghalabu husimuliwa kama hayahusiani. La kwanza, elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, iharakishwe hadi 1977. La pili, kijana aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza afanye kazi, na mwajiri wake pamoja na tawi la chama waeleze mwenendo wake. Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo moja: mtu apimwe kwa kazi kabla ya karatasi.

Sharti la chuo kikuu halikukaa sana. Wasichana walisamehewa mapema kwa kuwa idadi yao ilishuka mno, na baadaye likalegezwa kwa wote. Lakini lile la shule za msingi liligusa kila kijiji.

Kati ya 1974 na 1978 idadi ya wanafunzi wa msingi iliongezeka zaidi ya maradufu. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha hata kama tungelala darasani. Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Walifundisha vijijini huku wakijifunza kazi hiyo hiyo kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowatembelea, kisha wakaja chuoni kwa majuma machache na kufanya mtihani. Zaidi ya 35,000 walifaulu.

Mimi nilikuwa mkufunzi kijana, nikizunguka na baiskeli kuwakagua. Yapo niliyoyaona ambayo hayakunifurahisha: kuandika ubaoni kwa makosa, sehemu katika hesabu zikirukwa kwa sababu mwalimu mwenyewe zilimshinda. Lakini nakumbuka kijiji kimoja cha pamba ambako uongozi ulitaka wanafunzi wapalilie shamba la kijiji katika juma la mtihani. Mwalimu mkuu, mwenye cheti kizuri, alinyamaza. Kijana wa darasa la saba, hajafika miaka ishirini, alikwenda kwa wazee jioni, akakaa chini, akaeleza. Wakakubaliana Jumamosi, na wazazi nao waje na majembe. Hapana somo chuoni kwetu lililofundisha hilo.

Watani wa mjini wakalifumbua jina UPE kuwa “Ualimu Pasipo Elimu”. Watu walicheka, na mimi sikuona cha kuchekesha, maana aliyechekwa ndiye aliyekuwa mbele ya watoto wakati wenye vyeti vikubwa wakitafuta uhamisho kwenda mjini. Hata hivyo kejeli ilikuwa na chembe ya kweli, na wanaotetea siku hizi ajira kwa ujuzi wangefaa kuitazama. Kuwachukua vijana wale hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba wengi wao, baada ya kupewa Daraja la III C, hawakutembelewa tena. Miaka ya themanini uchumi ulipoyumba, mafuta ya gari la mkaguzi yalikosekana, vitabu vikakosekana. Mwenye kipaji akafanywa mwalimu mkuu kwa kuwa ni mchapakazi, asionyeshwe na mtu jinsi ya kutunza hesabu za shule, kuendesha kikao, wala kumkanya mwenzake mlevi bila kumvunjia heshima. Kipaji cha kuongoza, kama muhogo, huota penye ardhi yoyote, lakini usipopalilia utachimba mizizi.

Kisha cheti kikarudi kudai chake. Ili kupanda Daraja la III A, mwalimu alitakiwa awe na kidato cha nne, hata kama alikuwa amefundisha miaka ishirini na kuongoza shule miaka kumi. Hapakuwa na mizani ya kupima hiyo miaka. Wakajiandikisha kama watahiniwa wa kujitegemea, wengine wakiwa na wajukuu, wakasoma usiku kwa kibatari. Kijana wangu wa kijiji cha pamba alifanya mtihani ule mara tatu. Mara ya tatu alikaa chumba kimoja na msichana aliyemfundisha kusoma.